Kikohozi cha Bibi Ulayuk

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Palluq alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusiwa mtu mwingine kuifanya. Alitoka nje na ndoo, akavunja vipande vya barafu kutoka kwenye rundo ambalo mjomba wake aliliburura kutoka ziwani, kisha akavitia kwenye birika la Bibi Ulayuk. Bibi hakunywa chai ya maji yaliyoletwa na lori. Alisema maji ya lori yana ladha ya bomba, na kwamba ladha ya bomba humzeesha mtu kabla ya wakati.

"Una miaka sitini na saba, Bibi," Palluq alimwambia. "Wakati wenyewe si ndio huu?"

"Nyamaza, kaka. Tia barafu."

Palluq alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, lakini Bibi alimwita kaka tangu alipozaliwa. Alikuwa amepewa jina la kaka yake Bibi aliyefariki zamani, na pale kijijini Tasilik, kama ilivyo kwa Wainuit wote, wenyeji wa nchi ya barafu ya kaskazini, anayerithi jina hurithi pia nafasi ya mwenye jina. Hakuna aliyeshangaa kumsikia mwanamke mzee akimwambia mtoto wa shule, "Kaka, niletee viatu vyangu."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na watu wanane. Baba alifanya kazi mgodini, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani. Mama yake Palluq, Miali, aliuza dukani. Mjomba, mkewe na mtoto wao Jaiku, aliyesoma shule moja na Palluq, walilala chumba cha nyuma. Tangu Oktoba madirisha yalikuwa yamefungwa na kuzibwa kwa matambara ili baridi isiingie. Mchana kutwa Bibi aliketi sakafuni jikoni juu ya kipande cha boksi, akiparua mafuta kwenye ngozi ya sili kwa kisu chake chenye umbo la nusu mwezi. Mgongoni, ndani ya mfuko wa koti lake, alimbeba Tumasi, mdogo wake Palluq, aliyekuwa na miezi tisa. Tumasi hakukubali kulala mahali pengine. Alilaza shavu lake kwenye shingo ya Bibi na kusinzia.

Bibi alikuwa akikohoa tangu mwanzo wa majira ya baridi. Hakuna aliyejali, kila mtu hukohoa wakati huo. Lakini asubuhi moja ya Novemba, Palluq aliingia na ndoo yake akamkuta Bibi ameinama juu ya sinki, kitambaa mdomoni. Alipokiondoa, kilikuwa na doa jekundu.

"Bibi! Hiyo ni damu!"

Bibi alikikunja upesi akakitia mfukoni. "Nimejiuma ulimi."

"Hukujiuma. Nimeona."

Mzee akamshika mkono na kumvuta karibu. Vidole vyake vilikuwa na nguvu kutokana na miaka mingi ya kuparua ngozi. "Basi hujaona kitu. Umenisikia, kaka? Wewe kuliko wote ndiye unayepaswa kunielewa."

Palluq alielewa. Hadithi ya jina lake aliijua tangu utotoni. Wakati Bibi alipokuwa na miaka saba, meli ya madaktari ilitia nanga mbele ya kambi yao. Watu wote waliingizwa ndani, wakapigwa picha za kifua, wakaandikwa namba mkononi. Kaka yake alikuwa na miaka kumi na minne. Mzungu mmoja alitazama picha yake akasema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, na yule kijana hakuruhusiwa kushuka tena, hata kumuaga mama yake. Meli ikaondoka naye kuelekea kusini. Barua haikuja. Miaka ikapita ndipo padri mmoja akawaambia kwamba alikufa hospitalini wakati wa baridi ya kwanza. Kaburi lake liko wapi, hadi leo hakuna ajuaye.

"Wakijua watanichukua," alisema Bibi. "Mimi nitafia hapa, kwenye harufu ya nyumba yangu. Niahidi."

Palluq akaahidi.

Wiki moja baadaye, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana, mlango uligongwa. Alikuwa nesi Claudette wa zahanati. Alikuwa na miezi mitatu tu Tasilik, na katika lugha ya wenyeji alijua kusema "asante" na "baridi" basi. Watu wazima wengine walikuwa kazini. Nesi alivua buti, akatabasamu, akamwambia Palluq kwa Kiingereza:

"Afadhali upo. Nisaidie kumuuliza bibi yako maswali machache. Kuna watu wawili kijijini wamepatikana na kifua kikuu, kwa hiyo tunapita nyumba kwa nyumba. Je, yupo mtu hapa aliyekohoa zaidi ya wiki tatu? Anayetoka jasho usiku? Anayekonda?"

Palluq aliyaelewa maneno yote. Mashavu ya Bibi yalikuwa yamebonyea kama ya mtu aliyefyonza peremende, na mashuka yake asubuhi yalikuwa yamelowa jasho.

"Anasemaje?" aliuliza Bibi.

"Anauliza kama nyumba ina joto la kutosha," Palluq alijibu kwa lugha ya nyumbani.

"Mwambie ina joto kuliko kichwa chake kisicho na kofia."

Palluq akamgeukia nesi. "Bibi anasema hakuna anayekohoa. Ni mafua tu."

Claudette aliandika kitu kwenye karatasi. Akamwachia Bibi kijitabu kilichojaa maandishi ya Kiingereza, akampapasa Tumasi kichwani na kuondoka. Bibi alikitazama kijitabu juu chini, kisha akakitumia kufutia mafuta kwenye kisu.

Siku ile Palluq alijiona shujaa. Alikuwa amemlinda Bibi yake.

Desemba ilipita. Jua lilitoweka kabisa, na watu waliwasha taa hata saa sita mchana. Tumasi alianza kubadilika. Kwanza aliacha kucheka. Halafu akawa na homa inayokuja na kuondoka, na uji aliolishwa aliutapika. Miali alidhani ni meno. Lakini siku moja katikati ya Januari alimwinua mtoto kutoka kitandani, na shingo yake ilikuwa ngumu kama kipande cha mti. Macho yalitazama upande mmoja tu.

Miali alikimbia naye zahanati bila kufunga zipu ya koti. Claudette alimwona akabadilika rangi. Alipiga simu kwa daktari wa kusini, naye akaagiza ndege ya wagonjwa itumwe mara moja. Ndege haikuweza kutua. Dhoruba ya theluji ilikuwa imeanza, na kwa siku moja na nusu hakuna aliyeuona hata mlango wa jirani. Palluq alikaa nyumbani akimsikiliza Bibi akikohoa chumbani. Kila kikohozi kilimchoma. Mara mbili alisimama aende zahanati akaseme anachokijua, na mara mbili akaketi tena.

Upepo ulipotulia, ndege ikaja. Tumasi aliingizwa akiwa amefungwa mablanketi, mpira puani, Miali akitembea kando yake bila kumtazama mtu.

Siku ya tatu simu ililia jikoni. Palluq akaipokea. Bibi alikuwa ameketi pale pale sakafuni, mfuko wa koti lake ukiwa mtupu.

"Palluq, nisikilize," ilisema sauti ya Miali kutoka mbali. "Ni mapafu mabaya. Kifua kikuu. Kimepanda mpaka kichwani. Daktari anasema mtoto mdogo hivi hawezi kukipata hivi hivi tu, amekipata kwa mtu anayekaa naye karibu. Wanataka kujua ni nani, ili wajue dawa gani itamfaa. Hapo nyumbani wote mnakohoa, lakini nani anakohoa vibaya?"

Palluq alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anasikia kila neno, kwa kuwa simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Mzee akatikisa kichwa polepole.

"Palluq? Upo?"

"Ni Bibi," alisema Palluq. Machozi yalimtoka hata kabla ya maneno. "Anakohoa damu."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba. Nesi alikuja akaniuliza. Nikamdanganya."

Kisha Miali akasema, "Nipe mjomba wako niongee naye," kwa sauti ambayo Palluq hakuwahi kuisikia.

Bibi alijiinua kwa kushika meza. Alikokota miguu hadi chumbani kwake, na kabla hajafunga mlango alisema, "Kaka yangu asingenifanyia hivi." Ufunguo ukazungushwa.

Nesi Claudette alikuja mchana huo huo akiwa amevaa barakoa. Aligonga, akabembeleza kwa Kiingereza, akapitisha karatasi chini ya mlango. Karatasi ikarudishwa. Mjomba naye alijaribu, akaambulia matusi. Kwa siku mbili Bibi alitoka tu kwenda msalani nyumba ikiwa tupu.

Shuleni mambo hayakuwa bora. "Huyo hapo redio ya kijiji," alisema Jaiku mbele ya wenzake. "Ukitaka siri yako ifike kusini, mpe Palluq."

"Kama ningesema mapema, Tumasi asingekuwa hospitalini," Palluq alimjibu.

"Kwa hiyo ulinyamaza wakati wa kusema, ukasema wakati wa kunyamaza. Hongera."

Palluq aliinama akaanza kufunga kamba za buti zake. Jaiku aliona haya akaondoka.

Siku iliyofuata ndege ya abiria ilimleta mwanamke mnene mwenye miwani, mkoba wa dawa begani na kicheko kikubwa. Aliitwa Siasi, Muinuit wa kijiji cha jirani, aliyefanya kazi ya kuzungukia vijiji akizungumza na watu juu ya afya. Alivaa barakoa, akaingia bila kugonga, kama mtu wa nyumbani. Alijimiminia chai, akaketi sakafuni kwenye ukumbi mdogo, mgongo wake ukiegemea mlango wa Bibi.

"Ulayuk," alianza kwa lugha ya nyumbani, "mimi ni mjukuu wa Aksaju, yule aliyekuwa akivua samaki na baba yako. Ndege imenirusha hivi kwamba chakula changu cha asubuhi kimebaki angani. Nitakaa hapa mpaka tumbo litulie."

Baadaye sauti dhaifu ikatoka ndani. "Aksaju alikuwa mwizi wa nyavu."

"Ndiyo, tunazo mpaka leo."

Palluq, aliyekuwa amejikunyata jikoni, alisikia kitu kama kicheko, kisha kikohozi kirefu kikakimeza. Siasi alingoja kiishe.

"Nami nilikohoa hivyo," alisema. "Miaka sita iliyopita. Nilidhani nikinyamaza kitaondoka. Ulayuk, unaijua bunduki iliyowekwa ikiwa na unyevu? Kutu huanza ndani, mahali usipopaona. Kwa nje inang'aa. Mapafu mabaya yako hivyo. Ni vijidudu, vinakula polepole. Ukikohoa vinatoka na pumzi, vinaelea ndani ya nyumba iliyofungwa, na mwenye pafu dogo kuliko wote huumia kwanza."

"Nimemuua mtoto," alisema Bibi.

"Hajafa. Na hukujua, kwa sababu hakuna aliyekuambia kwa maneno unayoyaelewa."

"Meli inakuja lini?"

Siasi aliweka kikombe chini. "Meli haiji, Ulayuk. Meli zile ziliisha zamani. Dawa siku hizi ni vidonge, viko kwenye mkoba wangu huu. Utavinywa hapa, kwenye chumba chako, kila siku mtu atakuletea, miezi sita. Wiki chache za kwanza hutakaa na watu. Baada ya hapo wakipima na kuona pumzi yako haimdhuru mtu, utatoka. Lakini ukiacha njiani kwa kuwa umejisikia vizuri, kutu itarudi, na safari hiyo itakuwa ngumu kuitoa."

"Kaka yangu hakuambiwa hata angekaa siku ngapi."

"Najua. Mama yangu walimchukua pia, akiwa mtoto mdogo. Alirudi baada ya miaka minne, na hakuweza kuongea na mama yake. Lugha ilikuwa imemtoka. Siwezi kukuambia kaka yako amelala wapi, ningekuwa muongo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wewe hakuna atakayekutoa hapa."

Kisha ufunguo ukazunguka, na Palluq akamwona Bibi amesimama mlangoni, amekonda, nywele hazijasukwa. Siasi hakuinuka kwa haraka. Alimpa barakoa kwanza, akamwonyesha jinsi ya kuivaa, halafu akafungua dirisha lililokuwa limezibwa kwa matambara. Baridi ikaingia, na hewa mpya pamoja nayo.

Jioni hiyo Claudette alimwita Palluq zahanati pamoja na Siasi. Palluq alidhani atagombezwa.

"Nimekuita nikuombe radhi," alisema nesi. "Nilikupa kazi ya mtu mzima kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Haikuwa haki kwako wala kwa bibi yako. Kuanzia sasa simuulizi mgonjwa kupitia mtoto."

"Lakini mimi nilidanganya," alisema Palluq.

"Ndiyo, ulidanganya," alisema Siasi, bila kicheko safari hii. "Hilo ni lako, na hatutalifuta. Yeye ana lake na wewe una lako."

Watu wote wa nyumba walipimwa. Jaiku na Palluq walikutwa na vijidudu vilivyolala, ambavyo bado havijawafanya wagonjwa, nao wakaanzishiwa vidonge. Jaiku alivimeza akikunja uso. "Ningekuwa mgonjwa mimi mwenyewe, na kumbe nilikuwa nakucheka," alimwambia Palluq, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kuomba msamaha.

Katika wiki ya pili ya kukaa peke yake, Bibi aliomba simu. Kila mchana redio ya Tasilik husoma salamu, matangazo ya vitu vinavyouzwa na habari za barafu, na mtu yeyote anaweza kupiga na kuongea. Mjomba alikuwa anatengeneza mkate wa kukaanga jikoni, redio imewashwa, ndipo wote waliposikia sauti wanayoijua.

"Huyu ni Ulayuk. Nina mapafu mabaya. Nilificha, na mjukuu wangu yuko hospitalini kwa sababu hiyo. Nilimfundisha mtoto mwingine kusema uongo kwa ajili yangu. Wengi wenu mnakumbuka meli. Mimi naikumbuka kila siku. Lakini haiji tena. Dawa iko hapa, inanywewa nyumbani, na yupo mtu wa kutuelezea kwa lugha yetu. Anayekohoa aende. Nimemaliza. Nani ana sindano za kushonea ngozi za kuuza?"

Asubuhi yake watu thelathini na mmoja walipanga foleni zahanati, wengi wao wazee ambao hawakuwahi kukanyaga hapo. Wanne kati yao walikuwa wagonjwa. Siasi alibaki Tasilik hadi majira ya baridi yalipoisha, akazungumza redioni kila Jumanne, na kila aliyepiga simu alijibiwa.

Miali na Tumasi walirudi Aprili, jua lilipokuwa limerudi na theluji ikiumiza macho. Palluq alisimama uwanja wa ndege akiwa nyuma ya wengine. Tumasi alikuwa hai. Alikuwa amenenepa kidogo, na macho yake yote mawili yalitazama sawasawa. Jaiku alipiga makofi kwa furaha karibu naye, kwa nguvu. Mtoto hakugeuka.

"Hasikii," alisema Miali. "Ugonjwa ulichukua masikio. Madaktari wanasema hayatarudi."

Nyumbani, Miali alimwita Palluq kando ya kitanda.

"Nilikuwa na hasira nawe wiki nyingi," alisema. "Nisikufiche. Halafu nikakumbuka barua ya chanjo ya Tumasi, ile ya kuzuia kifua kikuu. Ilikuja kwa Kiingereza, kurasa tatu. Kiingereza changu ni cha dukani, nikaiweka juu ya friji mpaka nikaisahau. Nami nilipaswa kwenda kuuliza."

Bibi, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kukaa na watu, alisogea akaketi kati yao.

"Ahadi ile nilikuomba mimi, na haikuwa ya kumwomba mtoto," alimwambia Palluq. "Lakini sikiliza, maana utakuja kuombwa tena na watu unaowapenda. Ugonjwa unaoambukiza si siri ya mtu mmoja. Ukiuficha kwa mapenzi, unamwumiza yule unayemficha na wengine wasio na kosa. Siku ile ya simu ulinikasirisha kuliko mtu yeyote maishani mwangu, na siku ile ndiyo uliyoniokoa. Ukiulizwa jambo la afya, sema kweli. Ukiogopa, mtafute mtu mzima anayejua, aseme kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa."

"Nimesikia, Bibi," alisema Palluq, akilia.

"Futa pua. Mtoto anakutazama."

Kweli Tumasi alikuwa anawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akisoma nyuso. Bibi akamkalisha mbele ya Palluq.

"Sisi tunasema 'ndiyo' kwa kuinua nyusi na 'hapana' kwa kukunja pua," alisema. "Hiyo nayo ni lugha yetu, na haitaki masikio. Mwanzie hapo."

Palluq alichukua kipande cha mkate, akakiinua mbele ya macho ya mdogo wake, kisha akapandisha nyusi zake juu kabisa. Tumasi alimkazia macho. Palluq akarudia, mara tatu, mara nne. Mara ya tano nyusi ndogo zikapanda, na Palluq akampa mkate.